Wakili wa mambo ya shamba si wakili yeyote tu

Mi nilikosea mwanzoni, nilichukua wakili wa kesi za talaka eti kwa vile namjua, nikampa mkataba wa kukodi shamba akausoma kama mkataba wa kupanga chumba. Hakuuliza mkataba ukiisha mazao yaliyobaki shambani ni ya nani, hakuuliza maji, wala nani atanirudishia hela ya kisima nilichochimba. Yani hapo ndo nikashtuka. Siku hizi kabla sijatoa hela namuuliza wakili kesi za shamba kafanya ngapi, za mipaka, dawa ya jirani kupeperuka ikaunguza mazao, mnunuzi kukataa mzigo akisingizia ubora, mkopo uliowekewa shamba kama dhamana. Akianza kuzungukazunguka naaga.

Leseni yake cheki kama iko hai, na malipo ni kwa saa au kazi nzima, iandikwe. Wakulima wenzio na watu wa ushirika ndo wanawajua wazuri. Halafu beba makaratasi yote, risiti, picha zenye tarehe, hadi meseji za mnunuzi (usizifute jamani), na usichelewe maana madai yana ukomo wa muda kisheria.