Barua za Flannery na karani wa Atlanta

Yani kuna dada mmoja wa Atlanta kule Marekani, Betty Hester, karani tu wa ofisini, mwaka 1955 akamwandikia barua Flannery O'Connor, mwandishi wa hukohuko Georgia, kumwambia alivyozielewa hadithi zake, Flannery akajibu akitaka kujua we ni nani unayezielewa hivo, basi ndo ikawa mwanzo, wakaandikiana mpaka Flannery anafariki Agosti 1964 ana miaka 39.

Mi ustaa wa Flannery haunihusu sana. Kinachonikosha ni kwamba mtu anaumwa lupasi, ugonjwa uliomuua na baba yake, anatembelea magongo, yuko shamba Milledgeville na mama yake na tausi wake, na bado anakaa chini kumjibu karani mambo ya Mungu, ya vitabu na vituko vya pale nyumbani, tena anambishia kabisa, hamchekei chekei. Betty akamfungulia siri nzito ya maisha yake, urafiki haukutikisika. Akaingia Ukatoliki, akatoka 1961, ilimuuma Flannery kwelikweli lakini barua ziliendelea. Sahivi mtu ukipishana nae kidogo tu kashakublok.

Barua zilipotoka kitabuni 1979 Betty hakutaka jina lake litajwe, akaandikwa A tu. Zenyewe akazikabidhi chuo kikuu cha Emory 1987, zifungiwe miaka 20, zikaja kufunguliwa 2007 yeye alishafariki 1998.

Sisi huku barua zina historia, hapahapa Ujiji 1871 Stanley alimletea Livingstone mzigo wa barua zake uliokuwa umekwama Unyanyembe, Tabora. Na njia ni ileile, maana bibi yangu ana sanduku la bati uvunguni limejaa barua za shoga yake wa Tabora, zilikuwa zinakuja na treni. Kaniruhusu kusoma moja. Nusu nzima ni salamu, fulani anakusalimu, fulani nae hajambo, halafu asali imepanda bei, halafu mstari mmoja kuhusu mume wa mtu, hapo bibi akaninyang'anya karatasi.

Nikamwambia stori ya Betty na miaka yake 20, nikamuuliza we bibi za kwako tufungue lini. Akasema mkishanizika msiguse, mpaka na yule wa Tabora aende, maana mume mwenyewe ni wa kwake.