Kichwa cha tripodi kinachoinama baada ya kukazwa: jinsi nilivyotatua

Kamera na lenzi yake vilikuwa na uzito wa kilo 1.6. Kichwa cha goroli (kile cha tripodi chenye mpira unaozunguka kila upande, kisha unakazwa) kiliandikwa kinabeba kilo 5, lakini kila kilipokazwa picha ilishuka taratibu. Kosa si uzito peke yake. Lenzi ndefu huupeleka uzito mbele ya goroli, na kadiri unavyokaa mbali ndivyo unavyolizungusha kwa nguvu zaidi. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi hazisemi lolote kuhusu umbali huo.

Kwanza goroli lilifutwa kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa mafuta ya vidole hulifanya liteleze. (Usitie grisi kamwe, linashikwa na msuguano.) Lenzi ilikuwa na pete yake ya kufungia kwenye tripodi, basi bamba (kipande bapa kinachounganisha kamera na kichwa) likahamishwa kutoka chini ya kamera hadi kwenye pete, likasogezwa mbele na nyuma mpaka mzigo ukatulia hata goroli likiwa limelegezwa kidogo. Kuinama kukapungua sana, ila hakukuisha.

Kilichomaliza kazi ni kichwa kingine cha bei nafuu, chenye goroli la milimita 36 badala ya 25. Goroli pana lina eneo kubwa la kushikwa. Kabla ya kununua, angalia skrubu iliyo juu ya miguu ya tripodi, ilingane na tundu la kichwa: nyingi ni za inchi 3/8, nyingine 1/4. Chagua pia bamba la mtindo wa Arca-Swiss, unaotumiwa na kampuni nyingi, maana bamba la aina ya pekee likipotea ni taabu kulipata.