Chogo langu na fedi ya chini

Nina chogo. Nikikupita njiani ndipo utaliona vizuri. Shuleni nilipewa majina kwa ajili yake, na sitayarudia hapa. Juu ya sikio la kushoto, kama vidole vitatu hivi, kuna kovu nililopata nilipoanguka kwenye mwembe nikiwa darasa la tatu; hapo nywele hazioti. Na chini kisogoni, pale kola ya shati inapogusa, nilikuwa na vipele visivyoisha. Kwa miaka mingi dawa ya yote hayo ilikuwa moja: mashine namba moja kichwa kizima, nalipa, naondoka. Kinyozi haniulizi kitu, nami simuulizi.

Mwaka juzi mdogo wangu akaoa, nikawa msimamizi wake. Bibi harusi akapitisha agizo kwamba wanaume wa upande wetu wote wapige fedi, ule mtindo wa nywele zinazofifia kidogo kidogo kuelekea masikioni na shingoni, picha zipendeze. Nikaenda saluni moja Sinza, ya kiyoyozi na viti vya ngozi, dada wa skrabu kasimama na taulo la moto.

"Nikuweke nini, braza?"

Nikamwonyesha picha ya mchezaji mpira kwenye simu. Kosa lilianzia hapo. Yule mchezaji kichwa chake kimeviringana kama tikiti, nywele zake laini. Mimi nywele zangu ni kipilipili, na kichwa changu nimeshakieleza. Kijana akafanya kile alichoonyeshwa, simlaumu sana. Akapandisha sifuri mpaka usawa wa panja na kupita, kovu likatoka nje. Nyuma akapanda mpaka juu ya mfupa wa kisogo, chogo lote likabaki wazi, nywele zikakaa utosini kama kawa juu ya sinia. Akamalizia kisogo kwa wembe, akapaka spiriti. Nililia bila sauti.

Mama aliponiona ukumbini alinizunguka kwa nyuma, akasema, "Afadhali mwanangu. Nilikuwa nimeanza kumsahau babu yako."

Wiki moja baadaye vile vipele vikatunga usaha. Nikaenda zahanati. Daktari akanieleza kitu ambacho hakuna kinyozi aliyewahi kuniambia: nywele zetu zinaota kwa kujikunja, na ukizinyoa mpaka kwenye ngozi, ncha kali inarudi na kuchoma ngozi ile ile ilikotokea. Mwili unaiona kama mwiba. Ukiendelea kupiga wembe hapo, vipele vinageuka makovu magumu ambayo nywele haziwezi kuota tena. Akanipa dawa ya kupaka, akaniambia niache wembe kabisa kisogoni, nisijikune, na kola zisinibane. Nilikuwa nimezoea kulaumu mashine chafu. Nazo zina lake, mapunye huambukizwa hivyo, na mpaka leo sikai kwenye kiti kabla sijaona meno ya mashine yamefutwa kwa spiriti. Lakini shida yangu ilikuwa ule ukaribu wa kunyoa.

Nikakaa mwezi mzima bila kunyoa. Halafu nikaingia kwenye banda moja Mwananyamala, viti viwili, feni moja, na lile bango la vichwa vyenye namba ambalo limepauka mpaka wote waliomo wanafanana. Kinyozi alikuwa mtu mzima kidogo, mpole. Kabla hajashika mashine alinipapasa kichwa chote, polepole, kama mama anayechagua nazi sokoni.

"Bro, chogo lako si kubwa," akasema. "Una shimo chini yake."

Akachukua kidole changu akakiweka hapo. Kweli, chini ya mfupa kuna bonde. Akanieleza kwamba ukinyoa mfupa na bonde kwa urefu mmoja, mfupa unajitokeza. Ukipunguza nywele kwenye mfupa na kuziacha zikae nene bondeni, mtu akikutazama kwa pembeni anaona mstari ulionyooka. Yaani kinachonyolewa ni kivuli. Miaka thelathini na kitu nimebeba hiki kichwa na sikuwahi kujua nina bonde.

Basi akanipigia fedi ya chini, au lo fedi kama wanavyoiita wenyewe. Wengi tunaichanganya. Chini, kati na juu ni habari ya pale weusi unapoanza kufifia. Urefu wa nywele za utosini ni habari nyingine kabisa. Ya chini inaanzia kidole kimoja au viwili juu ya sikio, halafu inashuka nyuma kufuata mstari wa nywele kuelekea shingoni. Ya kati inakwenda usawa wa panja, ya juu inapita hapo. Kwa mimi mwenye kovu vidole vitatu juu ya sikio, hesabu ilikuwa rahisi: vidole viwili, mwisho. Kovu likabaki ndani ya nywele.

Nilimtazama kwenye kioo alivyofanya. Alianza na mashine bila kitana, akachora mstari mwembamba kuzunguka sikio. Juu yake, upana wa kidole, akapita na kitana namba moja, ambayo ni milimita 3. Kisha namba mbili, milimita 6, akaishia hapo kwa pembeni. Mpaka hapo kichwa kilikuwa na ngazi kama jukwaa la uwanja. Kazi yenyewe ndiyo ikaanza. Kuna kile kichuma cha pembeni mwa mashine kinachosogeza meno. Alikuwa anakifungua nusu, anakifunga, anakifungua tena, na kila akifika kwenye mstari mkono wake unachomoka kwenda nje, kama mtu anayechota povu juu ya chai. Hakukandamiza hata mara moja. Dakika kumi kwa sikio moja. Mistari ikayeyuka.

Kisogoni hakushuka mpaka sifuri. Aliishia namba moja, akasafisha ukingo kwa mashine ndogo akiwa ameiinua kidogo isiguse ngozi. Mpenda picha angesema kazi haijaisha, na kwa kweli ukisimama karibu unaona ukingo wangu si mkali. Lakini tangu siku ile vipele vimepungua mpaka nasahau kuvikuna. Hilo nililibadilishana na mstari mkali bila kujuta.

Mbele akauliza, "Nichonge?" Nikamwambia afuate mstari wangu wa asili, asisogeze. Panja zangu zimeanza kurudi nyuma, na ukizinyoosha kwa mashine maana yake unakula nywele ambazo bado zipo. Kuna wanaopaka piko hapo mbele ili paji lionekane limekatwa kwa rula. Sina ugomvi nao, ila na joto la Dar, nimemwona ofisa mzima kwenye daladala akifuta jasho na leso ikatoka nyeusi.

Juu tuliacha zaidi ya namba nne, yaani kama sentimita moja na nusu. Mwanzo nilitaka mawimbi, nywele zilale kwa mistari kama maji ya bahari. Nikanunua brashi, nikawa nalala na kitambaa kichwani, mke wangu akawa ananiita haramia. Wiki tatu nikaacha. Kipilipili changu kilitaka sponji, ile yenye vitundu ya kusokota nywele. Asubuhi nanyunyiza maji, matone machache ya mafuta ya nazi, halafu nazungusha sponji dakika tatu au nne. Siri niliyochelewa kuijua ni kwamba unazungusha upande mmoja tu. Nilikuwa naenda kulia halafu kushoto, najisokota na kujisokotoa, nalaumu sponji. Na nywele zikiwa kavu hazikamati kitu, zinakatika tu.

Gharama imepanda, nisidanganye. Nywele hukua kama sentimita moja na ushee kwa mwezi, sawa na theluthi ya milimita au zaidi kidogo kwa siku. Piga hesabu: sifuri ya leo, baada ya siku nane au tisa, ni namba moja. Fedi imeshakufa, umebaki na kichwa kilichojaa. Zamani nilikuwa natoa elfu tatu kwa mwezi. Sasa ni elfu tano kila wiki mbili, na katikati hapo napita kufutiwa pembeni ya masikio kwa elfu mbili. Fedi ya chini ina nafuu yake, kwa sababu eneo linalofifia ni dogo, ikikua haikuumbui haraka kama ya juu. Ikifika wiki ya tatu bado naweza kuingia ofisini. Ile ya Sinza siku ya kumi nilikuwa nafananishwa na uyoga.

Mwezi wa pili mwaka huu kinyozi wangu alihamia Mbagala, kodi ya banda ilimshinda. Kiti chake kikachukuliwa na kijana msafi, mchangamfu, ana mashine mpya isiyo na waya. Nikakaa, akanifunga kitambaa shingoni, nikasubiri anipapase kichwa.

"Mkubwa, una picha?"

Nikamwambia anichonge mbele tu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kariakoo nabadilisha gari, natafuta la Mbagala.