Mtu wa Pangani juu ya Kibo

Nimeshuka Marangu jioni hii, magoti yanalalamika. Msinipongeze, sikwenda Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Niliishia kambi ya Mandara, nikageuza.

Getini nilisimama kwenye kibao cha Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni na mwenzake Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, akakipa jina la Kaisari wake. Sawa, alifika.

Lakini mimi siku nzima nilikuwa na mtu mwingine kichwani: Mwini Amani.

Mtu wa Pangani.

Huyo ndiye aliyebaki nao kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, akiwapikia. Wale wawili wakipanda barafuni, yeye anabaki peke yake na sufuria, mawe na upepo.

Mtoto wa pwani, jamani! Wa minazi na jasho!

Mimi manyunyu ya Mandara tu yamenitetemesha meno, na jaketi zito la mtumba juu. Kila nikilifunga zipu namkumbuka.

Watu wa Pangani mpo? Kwenu anasimuliwa?

Na nyie wa Marangu na Machame, nani ana babu aliyebeba mizigo ya wageni enzi zile? Mwageni hadithi hapa, nasoma zote.