Watoto wanaazima vitabu wenyewe, na faini nimeifuta

Tangu nikabidhiwe maktaba ya shule yetu ya msingi huku Muheza sijawahi kukosa washauri. Kila mtu alijua kwamba watoto watavichana vitabu, watavipoteza, watafungia karanga. Wengine walitaka vibaki kabatini na kufuli, vitolewe siku wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija. Leo darasa la pili wanaazima na kurudisha wenyewe, mimi nimekaa pembeni nasahihisha madaftari. Ndiyo, najisifu.

Chumba, rafu na vitabu vilipatikana, sitawachosha na hayo. Ushauri uliotuumiza ni wa faini. Mjumbe mmoja wa kamati alisimama kikaoni akasema mtoto asiyeogopa faini hana adabu, ikapita: kitabu kikipotea mzazi analipa bei yake, na kabla ya kuazima asaini fomu. Fomu zilizorudi zilikuwa za kuhesabu. Wazazi nao wana akili zao: kitabu cha elfu sita au saba, ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga, mbuzi na koroboi? "Usiniletee vitu vya watu humu ndani."

Asubuhi moja akaja baba mmoja na baiskeli, amekumbatia kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba ya katani. Akakifungua mezani kwangu taratibu, gazeti juu ya gazeti, hadi kikatokeza kitabu alichoazima mwanawe. "Mwalimu, nimekileta mwenyewe. Hakijaguswa. Kilikuwa juu ya kabati siku zote, huyu hafiki." Akasubiri nimshukuru. Nikamshukuru, ningefanyaje? Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya baiskeli anakiangalia kinavyorudi rafuni. Alichokijua ni jalada tu.

Faini ilikufa kimyakimya: niliacha kugawa fomu, na hakuna aliyeuliza.

Nikaanza upya na ungo. Mtoto wa huku hutumwa kuazima vitu kwa majirani kabla hata hajaanza shule: mchi, kinu, pasi ya mkaa. Nikaingia na ungo darasani, nikauliza, mama kakutuma kwa jirani ukaazime huu, unafanyaje? Mikono ikajaa juu. Unabisha hodi. Unaamkia. Unasema nani kakutuma na mtaurudisha lini. Ukishaupata humpi mwingine, hata akulilie. Ukiurudisha uwe umepanguswa. Na ukichanika je? "Unasema mwenyewe kabla hajauona," akajibu binti mmoja wa mbele, "halafu mama anakuja na wewe." Kanuni zote za maktaba zilikuwa zimeshatajwa, na sikuwa nimeandika kitu ubaoni. Nikauweka ungo chini, nikashika kitabu, nikauliza maswali yaleyale. Kuna mtundu mmoja aliyenikumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Darasa likaangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia.

Nani kachukua kitabu gani tunajua kwa kadi, ule utaratibu wa zamani wa maktaba. Kitabu kina kadi yake kwenye mfuko wa karatasi nyuma, na kila mtoto ana kifuko chake cha manila chenye jina. Akiazima, anachomoa kadi ya kitabu, anaitia kwenye kifuko chake, anakisimamisha ndani ya boksi la viatu nyuma ya kibao kidogo chenye jina la darasa lake. Kila darasa lina siku yake moja ya kuazima na kurudisha, kwa hiyo hakuna tarehe za kukumbuka. Msikubali kuwaandikisha watoto kwenye kaunta buku. Kipindi kinaisha foleni haijafika katikati. Manila moja ni mia kadhaa, inatoa vifuko vingi.

Mwalimu mmoja alitoka semina akanisihi nipange vitabu kwa namba za Dewey, mfumo wa maktaba unaoipa kila mada namba yake: 398 hadithi za jadi, 590 wanyama, 796 michezo. Mfumo mzuri, upo tangu 1876, Mungu aubariki. Lakini mtoto ambaye bado anapigana na "ngwe" na "mbwa" unampa 398 ya nini? Nilinunua rangi ya kucha, chupa moja kama shilingi elfu moja hivi, nikapaka nukta mgongoni mwa kila kitabu: nyekundu hadithi, kijani wanyama, bluu mengineyo. Haibanduki hata kitabu kikilowa. Na mtoto akivuta kitabu kukiangalia, anachomeka rula yake palepale kilipotoka. Asipokipenda, rula inamwonyesha pa kukirudisha.

Masika ndiyo yaliyonipa kazi. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku 2019, na vitabu vilikuwa vinafika vimevimba. Nilimpelekea fundi cherehani magunia ya salfeti ya sukari, yale yenye nailoni ndani, akashona vifuko vya kutundika shingoni. Alinitoza hela kidogo na machungwa. Kitabu kikichanika usikimbilie selotepu, inageuka njano na kuacha gundi. Gundi ya unga wa ngano nayo inaita mende. Gundi nyeupe ya dukani na ukanda wa karatasi nyembamba vinatosha, na watoto wa darasa la tatu wanaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi.

Mnataka kujua nani anapoteza vitabu? Si wadogo. Ni darasa la saba, wakishamaliza mtihani wao Septemba hawaonekani tena, kwa hiyo kuanzia Agosti wanasomea humohumo ndani. Na ni walimu. Mwalimu anaingia, anachukua, anasema "narudisha sasa hivi", kadi hagusi. Nimewatengenezea na wao vifuko vya manila vyenye majina, nimewawekea boksi lao kwenye meza ya chai ofisini. Kamusi bado haijarudi, na aliyeichukua namjua.