Bradford City na Kombe la Ligi

Mimi ni shabiki wa Arsenal, kwa hiyo usiku wa tarehe 11 Desemba 2012 sikuufurahia hata kidogo. Bradford City, klabu iliyowahi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza kabla ya madeni kuiangusha hadi daraja la nne, ilitangulia kwa bao la Garry Thompson, na ingawa beki wetu Vermaelen alisawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, ni yeye huyohuyo aliyegonga mlingoti kwa mkwaju wa mwisho wa penalti, tukatolewa. Arsenal haikuwa imepanga kikosi cha chipukizi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Katika nusu fainali Bradford waliitoa Aston Villa kwa jumla ya mabao 4-3, bao muhimu la marudiano likifungwa kwa kichwa, kutokana na kona, na James Hanson, ambaye miaka michache kabla alikuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za duka. Wembley, Februari 2013, Swansea iliwachapa 5-0 na kipa wa Bradford, Matt Duke, akatolewa kwa kadi nyekundu. Hata hivyo mashabiki wao waliendelea kupeperusha bendera zao hadi filimbi ya mwisho.