Uwele wa Dharmaj

India nilikwenda kumuuguza mama mdogo. Wiki mbili za hospitali mjini Ahmedabad sitazisimulia. Aliyewahi kupeleka mgonjwa kule anazijua. Jumapili ya tatu binamu yangu akapokea zamu, nami nikapanda treni ya asubuhi kwenda Anand. Kondoa nilikokulia, duka tulilokopa sukari na mafuta ya taa lilikuwa la Patel, na tangu utotoni nilitaka kujua watu hawa wametoka wapi.

Ndani ya treni nilisimama njia nzima, lakini nauli ilikuwa ndogo, sikulalamika. Bajaji ndiyo iliyoniumiza. Tulikubaliana rupia 400 hadi kijiji cha Dharmaj. Tulipofika dereva akadai 900, eti atarudi mtupu. Rupia 500 za nyongeza ni kama shilingi 15,000, na hela za mgonjwa hazichezewi. Nikabisha kwa Kiingereza, yeye kwa Kigujarati, watu wakaanza kujaa. Mwisho nikapaza sauti kwa Kiswahili: "Jamani, huu si uungwana!"

Barazani pa nyumba ya pili akainuka bibi kizee aliyevaa sari nyeupe ya ujane. "Wewe toka wapi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Mdomo ukajibu wenyewe: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia dereva, akamwambia maneno machache ambayo sikuyaelewa. Yule akapokea 400 zake akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama barabarani, machozi yananilengalenga.

Bibi alipelekwa Dodoma akiwa bi harusi. Mumewe alinunua nafaka na kuuza vitambaa. Waliondoka 1972, mwaka mmoja baada ya majengo kutaifishwa. Mkwewe hajawahi kukanyaga Afrika, lakini jikoni nilimsikia akiagiza "sufuria", "kisu" na "fagio" katikati ya Kigujarati chake, na muhogo anauita "mogo". Niliuliza kama anajua ni maneno ya wapi. Akasema ni maneno ya nyumbani.

Kisha akaleta chakula: mkate mnene wa rangi ya kijivu, samli juu yake, na bilauri ya mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa chumvi. Nikamega. Ulikuwa uwele! Wao mkate huo wanauita rotlo. Bibi yangu mzaa mama alitwanga uwele maisha yake yote, akasonga ugali tukala na mlenda, nami miaka yote nikadhani chakula kile ni cha Kondoa na Ugogo peke yake. "Dodoma mimi hapana lia njaa," bibi akasema. "Uwele iko."

Mwanawe, aliyezaliwa Dodoma, akanipeleka shambani. Sisi tulidhani Patel ni jina la duka. Kumbe Patel alikuwa mkuu wa kijiji, mkusanya kodi ya ardhi, na jamii yao ni Wapatidari, maana yake wenye pati, yaani kipande cha ardhi. Zamani waliitwa Kanbi, wakulima tu, na kwa vizazi kadhaa walipigania wahesabiwe juu zaidi. Eneo lao hili, Charotar, lina udongo mzuri sana, lakini njaa kuu ya 1899 na 1900 iliwavunja; wanaiita Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita, kwa kuwa kwa kalenda yao ulikuwa mwaka 1956. Mashamba yalikwisha gawanywa kwa watoto wa kiume hadi yakawa vijipande, na baada ya njaa ile wengi wakavuka bahari kuja kwetu. Mwaka 1918, mazao yalipoharibika tena na Waingereza wakang'ang'ania kodi, wakulima wa wilaya ya Kheda waligoma kulipa. Aliyewaongoza pamoja na Gandhi ni mwenzao, Vallabhbhai Patel, mtoto wa Karamsad, hapa hapa Charotar.

Tumbaku ilikuwa inakatwa, majani yameanikwa juu ya udongo kukauka. Waliokuwa wameinama kukata hawakuwa Wapatidari. Niliuliza. Mwenyeji wangu akajibu waziwazi kwamba ni vibarua wa matabaka mengine, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kushika mundu. Hapo nilinyong'onyea. Bibi yangu alilima kwa jembe lake, na shamba likawa lake kwa sababu hiyo.

Jioni tukapita kwenye ushirika wa maziwa. Wanawake wamepanga foleni na ndoo zao, kila mmoja anapimiwa mafuta ya maziwa yake na kulipwa kwa kipimo hicho. Ushirika huu ulianzia Anand mwaka 1946, wafugaji walipochoka kupunjwa na wanunuzi. Ndiyo asili ya Amul, chapa ya maziwa inayojulikana India nzima. Nilikumbuka ng'ombe wa Kondoa na maziwa tunayowagawia watoto wa jirani kwa kukosa mnunuzi. Nikakaa kimya njia nzima.

Kurudi tulipita nyumba nyingi nzuri zilizofungwa kufuli. Wenyewe wako Uingereza na Marekani.

Bibi alinifungia kilo mbili za unga wa uwele. Akauliza kama mvua Dodoma siku hizi inanyesha. Nikamwambia mwaka huu imechelewa. Akatikisa kichwa kama mtu mwenye shamba kule.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni ya karibu na hospitali, niliazima jiko nikasonga ugali. Mama mdogo alinusa mvuke, akaomba ainuliwe akae. Akala matonge manne.